Gunia Tupu Lina Uzito Gani

Deki ya kwanza ilikula magunia matano.
Nayajua: nilikuwa karani wa mizani
chama cha msingi, Newala,
na kilo za baba niliziandika kwa mkono wangu.
Wenzake walinunua salfa.
Yeye akapanda gari la Masasi, akarudi na boksi jeusi
lililomeza kanda kama mbuzi anavyomeza ganda la muhogo:
kwa kelele, kisha likatulia.

Deki ya diski, gunia moja na nusu.
Tuliambiwa kanda zimekwisha,
hakuna tena fundi wa kusafisha vichwa.
Ilidumu misimu mitatu. Vumbi la salfa halibishi hodi.
Picha ikawa inakwama palepale,
bi harusi ameinua mguu, haushuki.

Sasa Twalibu, mtoto wa dada yangu,
kaja na kitu kidogo kuliko korosho iliyobanguliwa.
"Mjomba, nunua runinga mpya, uchomeke hiki.
Utahesabu hadi kope."
Runinga mpya: magunia manne, kwa bei ya mnada wa mwisho.
Mikorosho mia na ishirini inangoja dawa.
Sikumjibu. Nilitafuta kalamu.

Tunabishania kanda moja tu.
Harusi ya Somoe, mama yake huyu Twalibu,
umeme haujapanda huku juu.
Baba mdogo Nnunduma alilikalia jenereta usiku kucha,
mpira wa mafuta unavuja, kidole chake ndicho kizibo.
Kamera haikumgeukia hata mara moja.
Lakini mngurumo wake umepita chini ya ngoma yote,
na jenereta likikohoa, naye anakohoa.
Alifariki kabla ya mavuno.
Picha nyingine hana.

Tulikwenda kujaribu kwa mwalimu Chitanda,
runinga yake pana kama mlango.
Mama tukamweka mbele, kwenye kiti cha plastiki.

Sikatai, ni safi.
Ile mistari myeupe iliyokuwa ikimkata mama kiunoni
imefutika.
Na hapo nikaona, baada ya miaka yote hiyo,
khanga yake ina kiraka.
Pembe tatu, uzi wa rangi nyingine,
na kila kamera inapokaribia, anakifunika kwa kiganja.
Magunia matano. Kumbe ndiyo maana.
Kanda ilikuwa inajua. Ilimsitiri.

Nikageuka.
Mama hakusema kitu,
ila kiganja chake kilikuwa kimeshuka kiunoni,
palepale, juu ya gauni zima lisilo na kiraka.

"Na sauti wameisafisha," Twalibu akasema.
Kweli. Ngoma inalia kavu, kama imepigwa chumbani.
Nikangoja kikohozi.
Somoe akaingia, akatunzwa, akalia, akatoka.
Nikangoja.
Mwalimu akauliza kama nataka chai.

Wananiuliza sasa, maana watu hupenda kumuuliza karani:
je, inafaa kuhama?
Miaka ishirini na sita nimepima.
Unaweka mzigo, unasoma, unatoa uzito wa gunia tupu,
kinachobaki ndicho korosho.
Kwa kanda hii nimeshindwa kujua
gunia ni lipi na korosho ni ipi.
Fundi wa Masasi alijua upesi sana.

Nimemrudisha Twalibu kwake.
Nimemwambia: airudishe kelele, yote, hata ile mbaya.
"Atacheka, mjomba."
Acheke. Nitamlipa.
"Na kiraka? Akirudishe kwenye ukungu?"
Hapo nilikaa kimya kidogo.
Kilichokwisha kuonekana hakifichiki kwa fundi.

Salfa nimenunua, mifuko kumi na miwili.
Runinga, tutaona mnada ujao.
Deki ya magunia matano ipo uvunguni,
mdomo wazi.
Jana Mama aliniomba niiwashe.
Haikuwaka. Tuliipiga kofi, kama zamani,
ikanguruma kidogo.
Akasema, "Basi, iache hivyohivyo."